Anza Kliniki Kabla Tumbo Halijaonekana: Mwongozo kwa Mama Mjamzito wa Dodoma

Katika zahanati nyingi za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa si ajabu mama kufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Sababu zake zinafahamika: kuna desturi ya kutoitangaza mimba changa, kuna umbali, kuna kazi za shamba zisizosubiri, na kuna wanaoamini kwamba bila tumbo kuonekana muuguzi hana cha kupima. Mwongozo huu umeandikwa ili kumshawishi mama, pamoja na mume, mama mkwe au dada anayemshauri, kwamba miezi hiyo mitatu ya mwanzo ndiyo yenye mengi ya kufanywa, na kumwonyesha hatua kwa hatua afanye nini tangu hedhi inapokosekana hadi siku ya kujifungua.

Hatua ya kwanza: andika tarehe

Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na aandike siku ya kwanza ya kila hedhi, iwe kwenye simu, kwenye kalenda ya ukutani au nyuma ya daftari la mtoto wa shule. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku hiyo, ingawa yai hurutubishwa kiasi cha wiki mbili baadaye, na mimba kamili huchukua takriban siku 280, yaani wiki 40. Ili kukisia siku ya kujifungua, chukua tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 5 Juni 2025, kwa mfano, hutarajia kujifungua karibu na tarehe 12 Machi 2026. Kanuni hii inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba; mwenye hedhi isiyotabirika, au aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, atahitaji ultrasaundi ya mapema.

Tarehe hiyo inaongoza maamuzi mengi. Kwa tarehe hiyo muuguzi anajua kama mtoto anakua inavyotakiwa au amedumaa tumboni, kama uchungu uliokuja ni wa njiti au wa mtoto aliyekomaa, na kama mimba imepitiliza. Mama anayefika na maelezo ya “nadhani ilikuwa wakati wa kupalilia” anamnyima muuguzi nafasi ya kuyajua hayo yote kwa uhakika.

Hatua ya pili: pima mara hedhi inapochelewa

Kipimo cha mkojo kinachouzwa kwenye maduka ya dawa hutafuta homoni iitwayo HCG. Homoni hii hutengenezwa na chembe zitakazokuwa kondo la nyuma, nazo huanza kuimwaga kwenye damu ya mama baada ya mimba kujipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, siku 6 hadi 10 hivi tangu yai liliporutubishwa. Katika wiki za mwanzo kiwango chake huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo aliyepima mapema mno akapata jibu la hapana asikate shauri. Arudie baada ya siku chache kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Sasa tumrudie mama wa tarehe 5 Juni. Hedhi yake iliyofuata ilitarajiwa tarehe 3 Julai. Kufikia tarehe 17 Julai, wiki mbili tu baada ya hedhi kukosekana, mfereji wa neva ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto wake umekwisha kujifunga, na moyo umeanza kupiga. Mfereji huo usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au ubongo na fuvu lake vikiwa havijakamilika. Na kichwa kikubwa cha kujaa maji mara nyingi huandamana na mgongo wazi. Vidonge vya asidi foliki vinapunguza sana uwezekano wa mgongo wazi, lakini vinafanya kazi hiyo iwapo vipo mwilini kabla mfereji haujajifunga. Mama anayeanza kuvitumia mimba ikiwa na miezi mitano anapata faida nyingine, ya damu yake, ila hiyo ya mgongo wa mtoto imekwisha kumpita. Ndiyo maana ninawasihi wanaopanga kushika mimba waanze kumeza asidi foliki ya miligramu 0.4 kila siku wakati bado wanajaribu, na aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari kabla, kwa kuwa yeye huhitaji dozi kubwa zaidi.

Wiki zinazofuata zina shughuli nyingi hivyo hivyo. Katika wiki ya 8 kiinitete kina urefu wa sentimita moja na nusu hivi, na vichipukizi vya mikono na miguu vimeanza kugawanyika vidole. Kufikia wiki ya 12, ambayo kwa mama wetu ni tarehe 28 Agosti, kijusi kina urefu wa sentimita tano au sita tangu utosini hadi matakoni, na viungo vyake vyote vikuu vimekwisha kuumbika. Kazi inayobaki ni kukua na kukomaa. Jirani zake huenda bado hawajaona chochote. Dawa kali, pombe na maambukizi huumiza zaidi katika kipindi hiki cha kuumbika. Mjamzito aachane kabisa na pombe, ya chupa na ya kienyeji, na asinunue dawa dukani bila kumwambia muuzaji kwamba ana mimba. Doksisaiklini na tetrasaiklini hazimfai. Diklofenaki na ibuprofeni asizitumie bila ushauri wa daktari, hasa mimba ikivuka wiki ya 20. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo inayoaminika.

Homoni na jinsi ya kuishi nazo

HCG ina kazi nyingine kubwa kuliko kuonekana kwenye kipimo: huiamuru ovari iendelee kutoa projesteroni, homoni inayoutuliza mfuko wa uzazi usijikaze na kuitoa mimba. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 kondo la nyuma huichukua kazi hiyo. Kichefuchefu huelekea kufuata mkondo huo huo wa HCG, na ndiyo sababu kwa wengi huwa kikali zaidi karibu na wiki ya 9 na kupungua baada ya mwezi wa tatu au wa nne. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, anza na kitu kikavu kabla ya kutoka kitandani, na kaa mbali na harufu inayokuchafua, hata kama ni ya chakula unachokipikia familia. Anayetapika hadi maji hayakai, mkojo ukawa mweusi na mwili ukakonda, huyo anahitaji dripu. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na wa nyumbani wasimwambie avumilie kwa kuwa ndivyo mimba zilivyo.

Projesteroni hulegeza pia misuli ya tumbo na utumbo. Chakula hupita polepole, choo kinakuwa kigumu, na asidi hupanda kooni na kuleta kiungulia. Maji ya kutosha, mboga na matunda husaidia choo. Kutolala mara baada ya kula husaidia kiungulia. Usingizi wa mchana wa miezi ya mwanzo nao una mkono wa homoni hiyo hiyo, na wanaomzunguka mama wasiuite uvivu.

Kuanzia katikati ya mimba, kondo hutoa homoni zinazoipunguzia insulini ya mama nguvu ili sukari ya kutosha imfikie mtoto. Kwa mama wengi kongosho huongeza insulini na mambo huwa sawa. Kwa baadhi hushindwa, ndipo kisukari cha mimba kinapotokea. Kipimo chake hufaa zaidi kati ya wiki ya 24 na 28, hasa kwa mwenye uzito mkubwa, mwenye ndugu wa damu mwenye kisukari, au aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi.

Hatua ya tatu: hudhurio la kwanza, kabla ya wiki ya 12

Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kwa sera ya nchi, huduma za wajawazito katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Ukiweza, nenda na mwenza wako, maana mpimwe wote wawili VVU na kaswende na msikie maelezo pamoja. Lakini kusafiri kwa mume, au kutokuwepo kwake kabisa, kusikucheleweshe hata wiki moja. Mweleze muuguzi hali yako ilivyo na uendelee na huduma.

Siku hiyo utaulizwa kuhusu mimba zilizopita, zikiwamo zilizoharibika, upasuaji na magonjwa. Sema ukweli wote, kwa sababu mama aliyewahi kupasuliwa, aliyepata kifafa cha mimba au aliyetokwa damu nyingi baada ya kuzaa hupangiwa njia tofauti tangu mwanzo. Utapimwa uzito na shinikizo la damu, mkojo kwa ajili ya protini na sukari, na damu kwa ajili ya wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, malaria na, panapopatikana, homa ya ini ya B. Kaswende huua watoto tumboni na inatibika kwa sindano ya penisilini. Mama mwenye VVU anayeanza dawa mapema na kuzitumia bila kukatisha anaweza kuzaa mtoto asiye na maambukizi, na kila siku ya kuwahi inamwongezea nafasi hiyo.

Majibu yote huandikwa kwenye kadi ya kliniki. Usiipokee na kuifunga kwenye khanga bila kuisoma. Muulize muuguzi kila namba ina maana gani. Wingi wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu, na chini ya 7 ni upungufu mkali unaohitaji hospitali. Shinikizo la 140/90 au zaidi si la kupuuzwa. Ukiwa na kundi la damu lenye alama ya hasi, uliza mapema kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga ya kushambulia damu ya mtoto, ambayo hutolewa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye kundi chanya. Mimi huiona kadi hii kuwa mali ya thamani kuliko chochote mjamzito alicho nacho mkobani: ukipatwa na dharura Kondoa au ukiwa safarini Singida, daktari asiyekujua atakufahamu kwayo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonwe angalau mara nane: hadi wiki ya 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Utaona kwamba mahudhurio yanasongamana mwishoni, wakati presha na matatizo ya ukuaji huongezeka.

Hatua ya nne: vidonge na chakula

Utapewa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo wengi huviita fefo, vyenye madini chuma na asidi foliki pamoja. Meza kimoja kila siku hadi utakapojifungua na baada ya hapo kama utakavyoelekezwa. Vinasababisha choo cheusi, jambo lisilo na madhara. Vikikuchafua tumbo, vimeze usiku baada ya kula. Usivimeze kwa chai wala kwa maziwa, kwa sababu vyote viwili huzuia chuma kuingia mwilini. Hapa Dodoma tuna bahati ya ubuyu: unga wake una vitamini C, na kikombe cha juisi ya ubuyu kilichokorogwa nyumbani husaidia mwili kuupokea ule chuma. Ninazungumzia unga wenyewe, siyo ubuyu wa pipi uliotiwa rangi na sukari nyingi.

Ugali wa uwele au wa mtama ni chakula kizuri kwa mjamzito, na mlenda pia, ila havitoshi peke yake. Ongeza kunde, choroko, maharage, karanga, dagaa, na mayai unapoyapata. Ziko familia zinazomkataza mjamzito mayai. Katazo hilo halina msingi wa kitabibu na linamnyima protini aliye na uhitaji mkubwa. Jizuie kula udongo, hata hamu ikikubana. Udongo huzuia chuma kuingia mwilini na unaweza kubeba mayai ya minyoo, na hamu hiyo mara nyingi huwa dalili ya upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie muuguzi akupime upya.

Kwa wafugaji, na katika mkoa huu ni wengi, kuna onyo ambalo vipeperushi vingi havilisemi. Maziwa mabichi na damu au kondo la mnyama anayezaa vinaweza kubeba vimelea vya brusela, ugonjwa uleule unaofanya ng’ombe na mbuzi kutupa mimba, nao unaweza kumharibia mimba mwanamke pia. Chemsha maziwa mpaka yafoke, na kipindi chote cha ujauzito mwache mtu mwingine amsaidie mbuzi anayezaa na kumzika mtoto wa mnyama aliyetupwa.

Hatua ya tano: miezi ya kati

Baada ya miezi mitatu ya mwanzo utapewa dawa ya minyoo, na pale utaratibu wa kituo unapoelekeza, dozi za SP za kukinga malaria: vidonge vitatu kwa mara moja, mbele ya muuguzi, na kati ya dozi na dozi upite angalau mwezi mmoja. Anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi ambayo wengi huiita Septrin, hapewi SP. Dodoma ina malaria kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa, lakini hilo lisitupumbaze. Mama asiyezoea kuugua malaria ana kinga ndogo, na ikimpata huweza kumlaza vibaya. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Chanjo ya pepopunda, kwa ambaye hajawahi kuchanjwa, hutolewa mara mbili zikipishana wiki nne au zaidi, ya pili ikitangulia kujifungua kwa wiki mbili angalau.

Fanya ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kazi yake ni kuthibitisha umri wa mimba, kuona kama ni pacha, na kuona kondo limekaa wapi. Kujua jinsia si sababu ya kulipia nyingine tano.

Mtoto huanza kusikika akicheza kati ya wiki ya 16 na 20, mapema kidogo kwa aliyekwisha kuzaa. Kuanzia wiki ya 20 muuguzi ataupima mfuko wa uzazi kwa tepu, kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi ukingo wa juu wa mfuko, na sentimita zitakaribiana na idadi ya wiki: wiki ya 28, sentimita 28 hivi. Kisha ataweka pembe ya kusikilizia tumboni na kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Mtoto wa wiki 28 ana uzito wa kilo moja hivi, na mapafu yake bado hayajakomaa.

Hatua ya sita: miezi ya mwisho na dalili za hatari

Kifafa cha mimba mara nyingi hutanguliwa na presha inayopanda kimya, bila maumivu, na protini kwenye mkojo. Huwezi kuihisi kwa mwili wako katika siku zake za mwanzo. Mashine ya presha ndiyo inayoiona. Kwa hiyo usiruke hudhurio kwa sababu tu unajisikia vizuri, na ukifika kituoni ukaondoka bila kupimwa presha, rudi dirishani uombe kupimwa. Ni haki yako, na kuomba kwa adabu si usumbufu.

Usisubiri tarehe ya kliniki, nenda mara moja, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya: damu ukeni, hata kidogo, kichwa kuuma sana au kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali ya juu ya tumbo, degedege, homa kali, kupumua kwa shida, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza kuliko ulivyomzoea. Kuhusu hili la mwisho, wapo wanaosema mtoto hutulia siku za mwisho kwa kukosa nafasi. Siyo kweli. Aina ya mchezo hubadilika, lakini mtoto mzima huendelea kucheza mpaka uchungu.

Hatua ya saba: mpango wa kujifungua

Uandaliwe kufikia wiki ya 30. Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye pacha, mwenye presha au mwenye upungufu mkali wa damu ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa, Mvumi au hospitali ya wilaya yake. Weka akiba ya nauli, kubaliana na mwenye gari au pikipiki, chagua atakayebaki na watoto, na tafuta ndugu wawili walio tayari kuchangia damu. Katika dharura piga namba 115, ambayo ni ya bure, ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga.

Mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na makorongo ambayo kiangazi watoto huchezea mchanga hujaa maji kwa saa chache yakakata barabara. Mama wa Machi anayeishi ng’ambo ya korongo asingoje uchungu. Ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua pale inapokuwepo, wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu asiziguse, kwani zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi hadi ukapasuka.

Uchungu wa kweli huja kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana na kukaza, na mara nyingi huambatana na ute wenye damu. Hapo ni kuondoka na kadi mkononi. Na kama tarehe imepita bila dalili, kawaone wahudumu mimba inapofika wiki ya 40, wakupangie siku ya kurudi, na ikifika wiki ya 41 uwe hospitalini, kwa sababu baada ya hapo kondo huweza kuchoka na uamuzi wa kuanzisha uchungu unapaswa kufanywa na daktari aliyekupima siku hiyo.